Kabla Hujasaini Mkopo wa Kusomea Picha

   

Leo nazungumza na mzazi na mtoto kwa pamoja, maana jambo lenyewe mara nyingi hulitia saini pamoja. Tuko katika msimu wa barua za vyuo hapa Marekani. Machi na Aprili majibu yanaingia, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vyuo vingi vinataka kujua: unakuja au huji? Nyumba nyingi sasa hivi zina barua mbili tatu mezani, kila moja na picha za majengo mazuri na nyasi zilizokatwa vizuri, na kijana amekwisha kuchagua moyoni kabla baba hajavaa miwani.

Kati ya vijana hao wapo wanaotaka kusomea upigaji picha. Nataka niliseme hili mapema ili tusielewane vibaya: hiyo ni kazi, tena kazi ya heshima. Harusi zetu, mazishi yetu, habari za vita na za michezo, sura za babu zetu ambao hatukuwahi kuwaona, vyote hivyo tunavyo kwa sababu kuna mtu alisimama na kamera akajua anachofanya. Sijaja kumkataza mtoto wa mtu. Nimekuja na swali moja tu. Kati ya vyuo hivi vilivyompokea, kipi kitamwacha aendelee kupiga picha, na kipi kitambebesha deni litakalomlazimisha aiweke kamera kabatini atafute kazi nyingine?

Kwa hiyo leo nina mambo matatu. La kwanza, takwimu za mapato na madeni ya wahitimu zinapatikana wapi, na maana yake ni nini. La pili, takwimu hizo zinaacha nini nje. La tatu, ufanye nini wewe mwenye barua mkononi. Tuanze.

Jambo la kwanza. Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti inayoitwa College Scorecard. Ilizinduliwa wakati wa Rais Barack Obama. Mwanzoni ilikuonyesha chuo kizima tu: mhandisi, muuguzi na mpiga picha wote wamechanganywa. Mwaka 2019 ikaongezwa hesabu ya fani kwa fani. Huhitaji kulipa kuitumia. Unaandika jina la chuo, unashuka hadi kwenye fani, unaona mambo mawili: mapato ya katikati ya wahitimu, na deni la katikati walilotoka nalo chuoni.

Mapato ya katikati ndiyo nini? Wapange wahitimu tisa kwenye mstari, kuanzia anayepata kidogo kabisa hadi anayepata kingi kabisa. Hesabu mpaka wa tano. Wanne wako upande huu, wanne upande ule, naye amesimama katikati. Anachopata huyo ndiyo mapato ya katikati. Maana yake ni kwamba ukiona namba pale kwenye tovuti, jua nusu ya wahitimu wanapata chini ya hapo. Narudia, mzazi: nusu wako chini ya hapo. Usiisome namba ile kama ahadi.

Uzuri wake ni kwamba mapato hayo chuo hakijayakusanya kwa kuwapigia simu wahitimu wake wanaofanya vizuri. Yanatoka kwenye kumbukumbu za kodi: mshahara alioripoti mwajiri, pamoja na kipato ambacho aliyejiajiri amekitangaza kwa mamlaka ya kodi, IRS. Kipeperushi cha chuo hupenda kukuonyesha mhitimu mmoja ambaye picha yake imetoka kwenye jalada la jarida kubwa. Kumbukumbu za kodi zinamhesabu yeye, na zinamhesabu pia mwenzake wa darasa lilelile ambaye leo anapanga maboksi ghalani. Wote wawili walisomea picha, na wote wawili ni jibu la swali lako.

Hilo ndilo la kwanza: taarifa zipo, ni za bure, na ni bora kuliko kipeperushi.

Sasa twende kwenye jambo la pili, na hapa naomba utulie nami kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Takwimu hizi zinaacha nini nje?

Tuanze na jina la fani. Serikali hupanga masomo yote ya vyuo kwa makundi, na College Scorecard inatoa hesabu kwa kundi, haitoi kwa kila somo. Upigaji picha umewekwa kundi moja na filamu na video. Kwa hiyo unatafuta picha za mnato, unaletewa kapu zima: yumo aliyesomea picha, yumo aliyesomea kuongoza filamu, yumo aliyesomea kuhariri video. Chuo kilicho karibu na studio za Los Angeles, chenye wanafunzi wengi wa filamu, kinaweza kuonekana kama wapiga picha wake wanapata vizuri, kumbe namba ile imebebwa na watu wa filamu. Kuna na kingine: picha za kibiashara zinaweza kuwa zimewekwa kwenye kundi la usanifu, pamoja na wanaobuni nembo na mavazi. Na chuo kingine kinafundisha picha ndani ya shahada ya sanaa, pamoja na wachoraji na wachongaji.

Unaona tatizo? Unadhani unalinganisha picha na picha, kumbe unalinganisha picha na filamu, au picha na uchoraji. Dawa yake ni swali moja kwa ofisi ya udahili: programu hii mmeisajili kwa namba gani ya CIP, yaani ule mpangilio wa serikali wa masomo? Wanaijua namba hiyo. Upigaji picha kama sanaa ni 50.0605. Upigaji picha wa kibiashara ni 50.0406. Ukishajua namba, utajua kama vyuo vyako viwili vimo kapu moja au makapu mawili.

Halafu, ni nani anayehesabiwa? Kwenye hesabu za fani wanahesabiwa waliomaliza, na kati ya hao, waliopata msaada wa masomo wa serikali kuu. Aliyeacha chuo mwaka wa pili ana deni, hana shahada, na kwenye hesabu hiyo hayumo. Sasa fikiria chuo ambacho wanaoanza ni wengi na wanaomaliza ni wachache. Wale wachache waliomaliza wanaweza kuonekana vizuri kwenye tovuti, na wale wengi wakawa hawaonekani kabisa. Ndiyo maana usiangalie mapato peke yake. Kwenye ukurasa huohuo kuna kiwango cha wanaohitimu. Kisome kabla ya kitu kingine chochote.

Na ukikuta nafasi ya mapato iko tupu, usihofu. Mara nyingi darasa ni dogo, na serikali haitoi namba za watu wachache ili siri za kipato chao zisijulikane. Programu nyingi za picha ni ndogo, kwa hiyo utakutana na nafasi tupu mara kwa mara.

Swali kubwa zaidi ni hili: deni linaloonyeshwa pale ni deni la nani? Ni mkopo wa serikali kuu ulio kwa jina la mwanafunzi. Mkopo wa benki binafsi haumo. Na mkopo ambao mzazi amechukua kwa jina lake, ule unaoitwa Parent PLUS, unaonyeshwa mahali pake, peke yake.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu mkopo wa mwanafunzi una kikomo cha kisheria. Kijana anayetegemea wazazi anaweza kukopa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka unaofuata. Miaka minne inafika dola 27,000. Na hata akikawia kumaliza, jumla yake ya shahada ya kwanza haivuki 31,000. Kwa hiyo chukua vyuo viwili vya ghali, kimoja ghali kuliko kingine sana. Deni la mwanafunzi linaweza kuonekana karibu sawasawa kwa vyote viwili, na mzazi akasema, basi hakuna tofauti. Tofauti ipo, mama yangu. Sheria imelifunga deni la mtoto hapo, na pengo lililobaki limehamia kwenye jina lako, au kwa benki binafsi ambayo Scorecard haiioni.

Kwa miaka mingi mzazi aliruhusiwa kukopa mpaka gharama yote iliyobaki. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeweka kikomo kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka, na dola 65,000 kwa kila mtoto kwa jumla. Sheria hiyohiyo imeweka kipimo kingine kipya: programu ya shahada ambayo mapato ya katikati ya wahitimu wake yako chini ya mapato ya watu wa jimbo hilo walioishia sekondari, na ikashindwa hivyo miaka miwili kati ya mitatu, itapoteza haki ya kuwapa wanafunzi wake mikopo hiyo ya serikali. Mnaoingia kwenye fani za sanaa, lisikilizeni hili vizuri. Ulizeni chuo kama programu yenu iko salama kwa kipimo hicho, kwa sababu mkopo ukikatika mtoto akiwa mwaka wa tatu, nani atajaza pengo?

Kwa hiyo, kwa ufupi kuhusu jambo la pili: jua kapu, jua nani amehesabiwa, jua deni limeandikwa jina la nani.

Msikilizaji, sasa tuweke takwimu pembeni kidogo tuangalie maisha yenyewe.

Chukua zile dola 27,000 za miaka minne. Ukizilipa kwa miaka kumi, kwa riba ya asilimia 6 hivi, rejesho linakuja kama dola 300 kila mwezi. Shida iko kwenye maneno hayo mawili: kila mwezi. Serikali, katika kanuni zake za kupima programu za vyuo, imewahi kuweka kipimo kwamba malipo ya mkopo kwa mwaka yasizidi asilimia 8 ya mapato ya mwaka. Dola 300 mara miezi 12 ni 3,600. Ili 3,600 iwe asilimia 8, kijana anatakiwa apate dola 45,000 kwa mwaka. Je, mpiga picha anazipata?

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani inasema mapato ya katikati ya mpiga picha aliyeajiriwa yamekuwa dola 40,000 na kidogo kwa mwaka. Neno muhimu ni aliyeajiriwa. Zaidi ya nusu ya wapiga picha wa nchi hii wamejiajiri, na hao hawamo kwenye namba hiyo. Ofisi hiyohiyo inapoeleza elimu ya kawaida ya kuingilia kazi hii, inaandika cheti cha sekondari. Kwa mwajiri au mteja wa picha, kinachoangaliwa kwanza ni kazi ulizokwisha kupiga.

Na huyo aliyejiajiri anaishije? Hebu tumfuate mpiga picha wa harusi siku moja. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Bibi harusi ndiyo kwanza anaanza kupambwa, na mpiga picha amekwisha kufika. Ana kamera mbili, kwa sababu moja ikigoma harusi hairudiwi. Ana lenzi tatu, flashi mbili, betri za akiba na kadi za kuhifadhia. Anapiga kanisani au msikitini, anapiga bustanini, anapiga ukumbini mpaka saa sita usiku, miguu imevimba. Mteja anaona siku hiyo moja na kusema, huyu kapata hela nzuri kwa siku moja. Lakini Jumapili anahamishia picha kwenye diski mbili tofauti, isije moja ikafa. Jumatatu anaanza kuchagua kati ya picha maelfu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi anarekebisha rangi na mwanga, picha moja baada ya nyingine. Kwenye malipo yale anatoa bima, petroli, programu ya kuhariri inayolipiwa kila mwezi, akiba ya kununulia lenzi ikivunjika, na kodi ya aliyejiajiri ya asilimia 15.3 kabla hata ya kodi ya mapato ya kawaida.

Halafu inaingia Januari. Kwenye majimbo ya kaskazini theluji imejaa na watu hawaoi. Februari ni hivyohivyo. Simu ya mteja imenyamaza, lakini rejesho la mkopo limefika tarehe ileile. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kipato cha mpiga picha kina misimu, na deni halina msimu. Hili ndilo ninalotaka ubaki nalo leo, na nitalirudia kabla hatujaachana.

Utaniambia, ipo mipango ya serikali ya kulipa kwa kadiri ya kipato. Ipo, na inasaidia kweli. Lakini inarefusha miaka ya kudaiwa, na mkopo wa benki binafsi hauingii kwenye mipango hiyo. Usikope sana leo kwa kutegemea huruma ya kesho.

Sasa kuna mzazi ananijibu huko aliko: lakini mwanangu amepokelewa na chuo chenye jina. Mzazi, hongera. Ila sikiliza historia hii fupi.

Huko Santa Barbara, California, mwaka 1945 ilianzishwa Brooks Institute, shule ya picha iliyokuja kujulikana dunia nzima. Mwaka 1999 ikanunuliwa na kampuni ya vyuo vya kutafuta faida. Mwaka 2016 ikafungwa. Mwaka huohuo ikafungwa pia Hallmark Institute of Photography ya Massachusetts. San Francisco Art Institute, ambako Ansel Adams mwenyewe alianzisha idara ya picha katika miaka ya 1940, nayo iliacha kufundisha mwaka 2022. Na mtandao wa vyuo vya Art Institutes, uliokuwa na matawi majimbo mengi na kufundisha picha pamoja na sanaa nyingine, ulifunga matawi yake ya mwisho mwaka 2023. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ikatangaza kufuta zaidi ya dola bilioni 6 za mikopo ya watu 317,000 waliosoma huko kati ya mwaka 2004 na 2017, ikisema walidanganywa kuhusu ajira na mishahara ya wahitimu.

Wamesamehewa, ndiyo. Lakini fikiria aliyejiunga mwaka 2004. Alisubiri miaka 20. Katika miaka hiyo alikosa mkopo wa nyumba, aliahirisha ndoa, pengine kamera aliiuza zamani. Jina la chuo halikumkinga. Jina la chuo kwenye fani hii lina faida yake, unapata walimu na unajuana na watu, lakini usilinunue kwa deni usiloliweza.

Tumefika jambo la tatu. Ufanye nini?

Anza na barua yenyewe. Ifungue, uweke mezani, chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Barua ya msaada wa fedha huorodhesha mambo mengi chini ya kichwa kimoja, na mwisho kuna jumla kubwa inayofurahisha. Pigia mstari wa kijani kila fedha usiyorudisha: ruzuku na ufadhili. Pigia mstari mwekundu kila fedha utakayorudisha. Ukiona neno loan, nyekundu. Ukiona PLUS, nyekundu. Kazi ya chuoni, ile ya work-study, usiipige rangi yoyote, maana hiyo ni fedha utakayoifanyia kazi kwanza. Kisha chukua gharama yote ya mwaka, ada, malazi, chakula na vifaa, utoe ile ya kijani peke yake. Kilichobaki ndiyo bei yako halisi. Usione kama nakutia woga bure: mwaka 2022 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, ilichunguza barua hizi na kukuta vyuo tisa kati ya kumi havielezi bei halisi ipasavyo. Kwa hiyo ifanye hesabu hiyo wewe mwenyewe.

Ukishapata bei ya kila chuo, izidishe kwa miaka minne, ukikumbuka kwamba ada huwa inapanda. Kisha jumlisha deni lote: la mtoto, la mzazi, la benki. Watu wengi wanaoshauri kuhusu mikopo husema jumla hiyo isizidi mapato ya mwaka mmoja wa kazi unayoitarajia. Kwa mpiga picha mimi ningekuomba ushuke chini zaidi ya hapo, kwa sababu ya ile Januari na Februari tuliyoiona.

Pili, usikidharau chuo cha jamii. Kwa wastani wa nchi, mwaka wa masomo 2024/25 ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo hilo ilikuwa kama dola 4,000. Chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo, zaidi kidogo ya 11,000. Chuo kikuu binafsi, zaidi ya 43,000. Vyuo vya jamii vingi vina studio nzuri, taa za kutosha, na baadhi bado vina chumba cha kusafishia picha za filamu. Santa Monica College na City College of San Francisco, kwa mfano, vyote ni vyuo vya jamii, na vyote vinafundisha upigaji picha. Kijana anaweza kusoma miaka miwili hapo, akajenga mkusanyo wa kazi zake, kisha akahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Shahada anayotoka nayo itaandikwa jina la chuo alichomalizia. Kabla hajaanza, uliza tu kwa maandishi ni masomo gani yatakayokubaliwa kule anakokwenda.

Tatu, angalia kinachofundishwa zaidi ya kubofya kamera. Huko Rochester, New York, mji wa Kodak, kuna chuo cha RIT ambacho kwa miaka mingi kimefundisha picha kama sanaa na picha kama sayansi pia: mwanga, vihisio vya kamera, picha za kitabibu, picha za uchunguzi. Mtu wa aina hiyo ana mlango hospitalini, maabara na kwenye viwanda, siku harusi zinapoadimika. Na kwa yule wa sanaa, uliza: je, programu inafundisha kuandika mkataba, kupanga bei, kulipa kodi, kulinda hakimiliki? Mpiga picha aliyejiajiri anaendesha biashara, na anayejua biashara hulipa deni lake mapema.

Nne, chuo kiulizwe maswali, na usione aibu kuuliza. Kati ya walioanza programu hii ya picha, wangapi walimaliza? Familia zao zimekopa kiasi gani kwa jumla, ukiweka na mkopo wa wazazi? Waliohitimu miaka miwili iliyopita wanafanya nini leo, wote, bila kuchaguliwa? Vifaa vinaazimwa, au tunanunua kamera wenyewe? Mtu wa udahili anayejibu maswali hayo kwa utulivu anakuheshimu. Anayekukwepa, naye amekujibu.

Neno moja kwa ninyi mnaotusikiliza kutoka Afrika Mashariki na Kongo. Mwanafunzi wa kigeni anayekuja kwa viza ya F-1 hapati mkopo wa serikali ya Marekani, kwa hiyo hayumo kwenye hizi takwimu za mapato na madeni. Kwake deni huwa na sura nyingine: kiwanja kimeuzwa, mjomba amechangia, ukoo umeitisha harambee. Halipo kwenye tovuti yoyote, lakini ni deni. Na jua hili kabla ya kuuza kiwanja: baada ya kuhitimu, kwa kawaida ataruhusiwa kufanya kazi ya fani yake hapa miezi 12. Wanaosomea sayansi na teknolojia wanaweza kuongezewa miezi 24, na fani ya sanaa kama picha kwa kawaida haimo kwenye orodha hiyo. Je, mwaka mmoja utarudisha fedha za kiwanja? Jadilianeni hilo kabla ya tiketi ya ndege.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu unakwisha. Tujikumbushe. Moja: taarifa za mapato na madeni zipo College Scorecard, zisomeni, na mkumbuke nusu ya wahitimu wako chini ya ile namba. Mbili: jueni kapu la fani, jueni nani hakuhesabiwa, na jueni deni limeandikwa jina la nani. Tatu: pigieni barua mistari, jumlisheni madeni yote, ulizeni maswali.

Na lile nililoahidi kulirudia. Kipato cha mpiga picha kina misimu, na deni halina msimu. Chuo gani kitampa mtoto mapato makubwa, hakuna anayeweza kukuapia. Lakini deni atakaloanza nalo mnalichagua ninyi, sasa hivi, kwa kalamu. Kijana mwenye deni dogo anaweza kukataa kazi mbaya, anaweza kukaa miaka miwili akijifunza kwa mpiga picha mzoefu, anaweza kuvumilia majira ya baridi yasiyo na wateja. Huyo ndiye tutakayemkuta bado ana kamera mkononi akifika miaka arobaini.

Kwa hiyo, kijana, usisubiri tarehe 30 Aprili. Jumapili hii, baada ya chakula, mwombe mama na baba mkae pamoja, barua zote mezani, na hesabu ifanyike kwa sauti ili kila mmoja asikie jumla. Mzazi, naye akikuomba, usimwambie picha si kazi. Mwambie leta barua tuzisome.